Nilivyohamia Upande wa Pili wa Kioo

Nilipiga gitaa la besi kwa miaka 11, na katika muda wote huo sikuwahi kujiuliza sauti yangu inaishia wapi ikishatoka vidoleni. Nilikuwa naisikia, basi. Bendi ikienda studio nilichomeka waya, nikapiga sehemu yangu, nikarudi kwenye kochi kusubiri wenzangu wamalize. Fundi wa sauti aliyekaa nyuma ya kioo nilimchukulia kama dereva wa basi: unampa heshima yake, lakini humwulizi anabadilishaje gia.

Siku moja mpiga solo wetu alikuwa akilalamika kwamba gitaa lake kavu linasikika kama limefunikwa ndoo. Fundi alinyanyuka, akaingia chumbani, akaisogeza maikrofoni kutoka mbele ya tundu la gitaa mpaka pale shingo inapoungana na mwili, kiasi cha kiganja na nusu, akarudi kukaa. Sauti ikafunguka. Nikamwuliza amebonyeza nini. Akasema hajabonyeza kitu. Nikadhani ananificha siri ya kazi.

Hakuwa ananificha. Kwenye lile tundu hewa hutoka kwa nguvu, hasa noti za chini zinapopigwa, na maikrofoni ikikaa mbele yake hupokea huo mvumo kuliko kitu kingine chochote. Ukiisogeza kuelekea shingoni inaanza kusikia nyuzi, ukucha, mbao. Mimi nilikuwa nimeishi na magitaa tangu utotoni na hilo silijui, kwa sababu mpigaji hulisikia gitaa lake kutoka juu, limemwegemea kifuani. Hakuna msikilizaji anayekaa hapo. Wazo hilo liliniudhi. Sikio langu lilikuwa linasifiwa na bendi nzima, kumbe linasikiliza muziki kutoka mahali ambapo mtu mwingine yeyote hawezi kukaa.

Kochi sikulirudia tena. Albamu ilipokwisha nilimwomba fundi yule anipokee kama msaidizi. Alikubali kwa sharti kwamba nisiguse mikseri mpaka atakaposema yeye, na kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kukunja nyaya.

Nyaya zina elimu yake. Waya wa maikrofoni una nyaya mbili nyembamba katikati na wavu wa shaba unaozizunguka ili kuzuia kelele za umeme. Ukiuzungusha kwenye kiwiko kama kamba, kila duara linaongeza msokoto, na baada ya miezi kadhaa shaba inaanza kukatika huko ndani usikoweza kuona. Halafu siku mtu anaimba wimbo wa taratibu unasikia mngurumo, ule wa hezi (mitetemo kwa sekunde) 50 au 60 kutegemea umeme wa nchi uliyopo, na hujui uanzie wapi kuutafuta. Mafundi hukunja kwa kupokezana: duara moja linakwenda juu, linalofuata unageuza kiganja liende chini, na msokoto wa hili unafutwa na wa lile. Waya uliokunjwa hivyo ukiurusha unajinyoosha mpaka mwisho bila fundo hata moja. Vidole vyangu vilivyozoea kukimbia kwenye besi vilichukua wiki tatu kulizoea jambo hilo. Kila niliokosea mwalimu wangu aliukunjua na kuuweka sakafuni mbele yangu, bila kusema neno.

Mengine yalikuja polepole. Spika huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza. Volti 48 zinazopelekwa kwenye maikrofoni za kondensa, zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi, haziwashwi wala kuzimwa sauti ikiwa juu, kwa sababu mshindo wake unaweza kuumiza spika na masikio pamoja. Kila kitu hupewa jina kabla ya kurekodiwa. Faili linaloitwa "Audio 37" ni deni utakalolilipa usiku wa manane. Na msaidizi haongei msanii anaposikiliza alichoimba. Hilo la mwisho lilinishinda kwa muda mrefu, maana nilikuwa mwanamuziki na kila mara nilikuwa na maoni.

Njia hii ya kuanzia chini ni ya zamani. Geoff Emerick aliingia studio za kampuni ya rekodi ya EMI jijini London mwaka 1962 akiwa na miaka 16, akawa mtu wa kuendesha mashine za tepu na kutazama wakubwa wakifanya kazi. Miaka minne baadaye, akiwa na miaka 20, alipewa kuwa fundi mkuu wa Beatles, na mojawapo ya mambo aliyofanya ni kuzisogeza maikrofoni karibu na dramu kuliko kanuni za studio ile zilivyoruhusu. Sidhani angethubutu kama asingekuwa ameziona kanuni zenyewe zikifuatwa kila siku kwa miaka hiyo yote.

Ipo pia njia ya darasani, na ina wanamuziki ndani yake tangu mwanzo. Mwaka 1946 mtunzi Arnold Schoenberg aliandika barua kwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago akipendekeza wafundishwe watu wa sauti watakaojua muziki, akustika (elimu ya sauti) na fizikia kwa pamoja. Mwaka 1949 mafunzo ya namna hiyo yalianza mjini Detmold, Ujerumani, na wahitimu wake huitwa Tonmeister. Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kilianzisha ya kwake mwaka 1970. Mimi sikupita huko, na sijifanyi kwamba haikunigharimu. Mambo ambayo mwanafunzi wa akustika huyasoma kwa muhula mmoja, mimi niliyajua kwa kuaibika.

Nieleze aibu ya kwanza.

Nilipoanza kujitegemea nilipata chumba kidogo, nikakipima na kuona kina urefu wa mita nne na sentimita kama kumi na tano hivi. Nikaweka meza katikati kabisa, kwa sababu ilipendeza hapo, nikaanza kumiksi, yaani kusawazisha sauti za, wimbo wa bendi yangu ya zamani. Besi niliipiga mimi mwenyewe. Ajabu ni kwamba kila nilipofika kwenye noti ya E ya chini, uzi mnene ukiwa wazi, besi ilipotea. Noti nyingine zote zilikuwepo. Nikaiongeza. Nikaongeza tena. Nikaona nimekosea kupiga, nikairudia kwa nguvu zaidi. Hatimaye ikasikika vizuri, nikawapelekea wenzangu kwa fahari.

Mpiga dramu aliufungulia wimbo ndani ya gari lake. Akanipigia simu kuniambia kwamba vioo vinatetemeka, na kwamba anaelewa mimi ni mpiga besi, ila haya sasa ni makubwa.

Hesabu yake ni hii. Ile E ya chini ni hezi 41 na ushee. Sauti husafiri mita kama 343 kwa sekunde katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo wimbi moja la noti hiyo lina urefu wa mita nane na robo, zaidi kidogo. Nusu yake ni mita nne na kitu, yaani urefu wa chumba changu. Chumba kikilingana na nusu ya wimbi, wimbi hilo linagonga kuta na kurudi, linajirundika huku na huku na kunguruma kwenye kuta zote mbili, na katikati halibaki na kitu. Nami katikati ndiko nilikoweka kiti. Ningesimama nyuma karibu na ukuta ningeisikia E yangu ikinguruma. Sikuwahi kusimama nyuma.

Siku hizi nikiingia chumba chochote kigeni nachukua futi kabla ya kufungua begi. Kisha nachezesha wimbo ninaoujua sana na kutembea polepole kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Watu wakiniona hudhani nina tatizo.

Somo la chumba lilinifanya nianze kuwaza sauti kwa sentimita. Sauti hukata kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Ukiweka maikrofoni mbili mbele ya gitaa moja, moja ikiwa mbali kuliko nyenzake kwa sentimita 34, ya pili inachelewa kwa milisekunde hiyo, na ukizichanganya kwa nguvu sawa zinafutana kwenye hezi 500, kisha 1,500, kisha 2,500, na kuendelea juu kama meno ya kitana. Kila moja peke yake ni nzuri. Zikiwa pamoja gitaa linasikika kama linapigwa ndani ya bomba. Mwanamuziki akisikia hivyo atasema gitaa ni bovu au nyuzi zimechoka. Nimewahi kumwambia mtu abadilishe nyuzi kwa kosa lililokuwa langu. Dawa ilikuwa kuisogeza maikrofoni moja, au kuiondoa kabisa. Mara nyingi kuiondoa.

Wanaoniuliza kuhusu kazi hii huuliza kama ni lazima uwe mwanamuziki. Jibu fupi ni hapana, na ushahidi upo. Rudy Van Gelder, ambaye sauti ya jazi ya miaka ya 1950 na 1960 inamdai mengi, mchana alikuwa mpima macho, na mpaka mwaka 1959 alirekodi kwenye sebule ya wazazi wake mjini Hackensack, New Jersey. Susan Rogers alianza kama fundi wa kutengeneza mitambo. Mwanamuziki Prince alimwajiri mwaka 1983 kwa kazi hiyo, kisha akamweka kwenye mikseri. Baadaye alisomea namna ubongo unavyosikia muziki mpaka shahada ya udaktari.

Ila upo msaada ambao muziki hukupa, na si ule watu wanaoutaja. Wanasema "una sikio". Sikio la mwanamuziki lina ugonjwa wake: linafuata noti. Nikiwa msaidizi niliweza kukwambia mpiga kinanda amegusa noti isiyo yake kwenye ubeti wa pili, lakini sikuwa nimesikia kwamba kiti chake kinalia, kwamba feni ya kompyuta inavuma, kwamba mwimbaji amegeuza uso na sauti yake imepoteza nusu ya mng'ao. Ubongo uliokuwa umefundishwa kupuuza kila kisicho muziki ulitakiwa sasa uvisikie vile vile vilivyopuuzwa. Nilijizoeza kwa kusikiliza rekodi huku nikikataa kufuata wimbo. Nilifuata pumzi tu. Siku nyingine nilifuata mkia wa mwangwi, unakatika wapi. Ni zoezi linalochosha, na linaharibu starehe; kwa karibu mwaka mzima sikuweza kusikiliza muziki kama mtu wa kawaida.

Msaada wenyewe ni huu. Kwanza, mwanamuziki tayari ana ramani. Wengine hukariri namba za frikwensi kama namba za simu. Mimi nilikuta nazijua kwa majina mengine. A ya kutunia ni hezi 440. Ipandishe oktavu ni 880, tena 1,760, tena 3,520. E ya chini ya gitaa la kawaida ni 82, mara mbili ya ile ya besi. Msanii anapokuja na kusema "sauti inachoma," mkono wangu unakwenda karibu na ile A ya 3,520 kabla sijafikiri. Akisema "inavuma," natafuta karibu na 200. "Imeziba" huwa kati ya 300 na 500. "Miluzi" ya herufi s huanza kwenye 5,000 na kupanda. Hakuna msanii aliyewahi kuniambia nipunguze desibeli mbili kwenye kilohezi tatu na nusu. Wanaongea kwa mwili: haina kifua, imekonda, imelala, inanikaba. Ukiwa umewahi kuyasema maneno hayo mwenyewe upande ule wa kioo, unajua yanauma wapi.

Pili, na hili ndilo ningependa kulikalia zaidi, mwanamuziki anajua hedifoni zinavyotesa.

Msanii anapoimba studio hausikii wimbo unaousikia wewe kwenye spika. Anasikia ule uliompangia kwenye hedifoni, na mwili wake wote unautii. Ukimpa muziki mkubwa na sauti yake ndogo, atapiga kelele, na mara nyingi atapanda juu ya noti. Ukimpa sauti yake kubwa mno atajibana, aimbe kama anayeogopa kumwamsha mtoto, na noti itashuka. Ukimjazia mwangwi mwingi atadhani ameshafika pazuri na kuacha kutafuta. Kompyuta ikichelewesha sauti yake kidogo, inakuwa mbaya zaidi. Kompyuta hukusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, kwa mafungu kabla ya kuzishughulikia, na fungu la sampuli 512 kwenye kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni karibu milisekunde 11 za kwenda tu, kabla ya kurudi. Mpiga kinanda anaweza kuvumilia hilo. Mwimbaji hawezi, kwa sababu sauti yake anaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa chake papo hapo, halafu inamjia tena masikioni imechelewa, na hizo mbili zinagombana ndani ya fuvu. Hatakwambia "nina milisekunde nyingi." Atakwambia hajisikii vizuri leo.

Nakumbuka mwimbaji mmoja aliyerudia kiitikio mara 11. Kila mara alikuwa chini kidogo ya noti, upana wa unywele. Prodyuza alishaanza kutazama saa, na yule dada alishaanza kuomba radhi kila anapomaliza, jambo ambalo ni dalili mbaya; msanii akianza kuomba radhi umebakiwa na dakika kama ishirini hivi. Niliingia chumbani, nikavaa hedifoni zake, nikamwomba fundi msaidizi acheze wimbo. Kilichokuwepo humo kilikuwa besi na dramu tele, na kinanda mbali sana. Yaani alikuwa anatafuta noti kwa kutumia besi. Besi naijua. Unapoimba juu yake ni kama kupima kitambaa kwa fimbo: utapata urefu, hutapata mshono. Nikashusha besi, nikapandisha kinanda, nikaondoa zaidi ya nusu ya mwangwi, nikamwambia afungue sikio moja ili ajisikie hewani. Mara ya pili akaipata. Hakujua nimefanya nini na sikumwambia, kwa sababu alikuwa anaamini ameipata mwenyewe, na ni kweli.

Wakati mwingine uanamuziki umeniokoa nikiwa nimezama kwa kosa langu mwenyewe. Tulirekodi dramu na besi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Baadaye wimbo ukahitajika kwenye filamu, ambako hutumika 48,000, nami nikafungua mradi mpya na kuyaingiza mafaili bila kuyabadilisha. Kompyuta ikayacheza kwa kasi isiyo yake. Wimbo wa dakika nne unapungua karibu sekunde 20 kwa namna hiyo, na kila noti inapanda karibu semitoni moja na nusu. Nilikuwa nimechoka, sikugundua. Mwimbaji akafika, akahangaika saa nzima, akasema koo lake leo limegoma. Mimi nikamwambia apumzike.

Akiwa amepumzika ndipo nikasikia E ya besi. Uzi ulio wazi haufichiki, una mlio ambao noti ya kubonyezwa haina. Uzi wa E uliokuwa wazi ulikuwa unalia mahali fulani kati ya F na F kali. Besi haina noti hiyo ukiwa umeacha uzi wazi. Nikaishiwa nguvu. Nilimweleza ukweli yule mwimbaji, kwamba koo lake halina kosa, na saa ile sikumhesabia. Tangu siku hiyo namba ya sampuli naiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya skrini, kwa kalamu nyekundu, kama mtu asiyeiamini akili yake.

Kuhusu vifaa nitapita haraka, maana ndiyo mada ambayo watu hawachoki. Maikrofoni ya Shure SM57 ilitoka mwaka 1965 na bado naitumia karibu kila wiki. Nyingine nimezinunua kwa tamaa, nikaziuza kimyakimya.

Masikio ndiyo niliyopaswa kuyatunza mapema. Kwa miaka ile 11 jukwaani nilisimama upande mmoja, haiheti (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) ya mpiga dramu ikiwa usawa wa sikio langu la kushoto. Kizingiti kinachotajwa sana na wataalamu wa afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na katika kanuni zilizo makini zaidi kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 ni saa nne, 94 ni saa moja, 100 ni robo saa. Maonyesho yetu hayakuwa ya robo saa. Nilipokwenda kupimwa, mchoro wa sikio la kushoto ulikuwa na shimo kwenye kilohezi nne, mahali panapoumia kwanza kwa watu wa kelele. Mpimaji aliponiuliza nafanya kazi gani nilisita kumjibu.

Nilidhani safari imeishia hapo. Niliendelea, ila kwa utaratibu mwingine. Namiksi kwa sauti ya chini, kiasi kwamba mtu akiongea chumbani namsikia bila kuzima muziki. Hilo nalo lina mtego wake, kwa sababu sikio la binadamu likiwa kwenye sauti ndogo hulipunguzia besi uzito. Watafiti Fletcher na Munson walilipima na kulichapisha mwaka 1933. Kwa hiyo napandisha kwa dakika moja kukagua chini, kisha nashuka tena. Nageuza spika, kushoto iwe kulia, kuona kama maamuzi yangu yanabadilika. Na ninao vijana wawili wenye masikio mazima ambao huwaomba wasikilize matoazi kabla sijatuma kazi. Hawajui kwamba huwa nawauliza kwa sababu sisikii. Wanadhani nataka maoni yao. Sasa watajua.

Riziki katika kazi hii haitoki kwenye albamu peke yake, kwa yeyote anayewaza kuacha jukwaa na kukaa nyuma ya kioo. Nimerekodi wasomaji wa vitabu, nimesafisha mahojiano yaliyojaa upepo, nimeendesha sauti za mikutano ambako mtu anapiga maikrofoni kwa kidole na kusema "halo, halo." Hizo ndizo zimelipa pango. Mkataba naandika kabla ya waya wa kwanza kuchomekwa: marekebisho mara ngapi, nani anatunza mafaili, malipo ya awali yanaingia lini. Kwenye bendi tulikuwa tunaelewana kirafiki, na kirafiki hivyo hivyo tukagombana.

Sikuacha besi kwa siku moja. Kwanza niliacha mazoezi ya Jumatano kwa sababu kulikuwa na sesheni, kisha nikakosa onyesho moja, kisha bendi ikapata mpigaji mwingine ambaye, niseme ukweli, ana mkono mzuri kuliko wangu. Nimemrekodi mara mbili. Gitaa langu limening'inia ukutani studio, na wateja waliosahau la kwao hulitumia. Nyuzi zake zimezeeka, lakini kuna kazi zinazotaka nyuzi zilizozeeka.

Wiki iliyopita mpiga besi wa sesheni hakutokea, na wimbo ulikuwa rahisi, kodi (chords) tatu tu. Wakaniomba nipige. Nikalishusha gitaa ukutani, nikakaa, msaidizi akabonyeza kurekodi. Nilipiga mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, nikarudi nyuma ya kioo kusikiliza. Kitu cha kwanza nilichosikia hakikuwa besi. Kilikuwa kiti changu, kinalia kwenye maikrofoni ya amplifaya kabla ya kiitikio cha pili, nilipokuwa najiandaa kuingia. Nikasema narudia. Nikabadilisha kiti, nikapiga tena kwa uangalifu, kimya kabisa, kila noti mahali pake.

Tukasikiliza zote mbili. Ya pili ilikuwa safi na imelala. Nikamwambia msaidizi aiweke ya kwanza, na kile kiti akiache kilie.